Mcheza Kwao Hutunzwa: Makeba Kwao ni Wapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Miriam Makeba alicheza kwao, na tunzo aliyopewa ikawa kufungiwa mlango. Kwa hiyo twastaajabu kuona kwamba hata katika madarasa ya Kiswahili, lugha aliyoibeba hadi ng'ambo bila ya kutumwa na mtu, wapo walimu wanaotaka kumfungia mlango mara ya pili.

Hoja zao twazijua, maana huzuka kila inapopendekezwa kwamba nyimbo zitumiwe katika kufundishia. Husema, kwanza, Makeba hakuwa Mswahili, na matamshi yake si ya Unguja wala ya Mombasa. Pili, wimbo wa dansi si fasihi. Fasihi ni utenzi na shairi lenye vina na mizani. Tatu, umaarufu wake ulitengenezwa Marekani, basi na abaki huko. Sisi twazikataa hoja zote tatu.

Kabla ya kuzijibu, yafaa tumtazame mtu mwenyewe, kwani wengi hulitaja jina la "Mama Afrika" pasipo kujua lilivyopatikana. Zenzile Miriam Makeba alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932, baba yake Mxhosa na mama yake Mswazi. Alikuwa na umri wa siku 18 tu mama yake alipofungwa kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji, naye mtoto akaingia gerezani pamoja na mama yake kwa miezi sita. Katika miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na wanawake wenzake wa kundi la Skylarks, wakichanganya jazi ya Marekani na nyimbo za jadi za kwao. Mwaka 1959 alionekana katika filamu ya Come Back, Africa, nayo ikamfungulia njia ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1960 mama yake alifariki. Alipotaka kurudi kwenda kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushitaki ubaguzi wa rangi, na serikali ya makaburu ikamvua uraia na kupiga marufuku sahani zake. Hakukanyaga tena ardhi ya kwao mpaka Juni 1990. Aliaga dunia tarehe 9 Novemba 2008 huko Castel Volturno, Italia, muda mfupi baada ya kuteremka jukwaani, katika tamasha la kumwunga mkono mwandishi Roberto Saviano aliyekuwa akitishwa na wahalifu.

Sasa tuzirudie hoja. Ati hakuwa Mswahili! Ni kweli, hakuwa. Lakini tuwaulize wenzetu: je, sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, Rwanda na Burundi, ni wangapi tulionyonya lugha hii pamoja na maziwa ya mama? Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Haikungoja kwanza watu wake wazaliwe upya Pangani au Lamu. Mwenye kumkataa Makeba kwa sababu ya matamshi yake anakata tawi alilolikalia yeye mwenyewe na wanafunzi wake wote.

Hatusemi kwamba matamshi ni jambo dogo. Matamshi sanifu lazima yafundishwe, na kwa kazi hiyo zipo sauti nyingine za kufuata. Tunalolisema ni kwamba kumfundisha mtu ni jambo moja, na kumcheka ni jambo jingine. Makeba aliyajua hayo kwa uchungu. Wimbo wa arusi wa Kixhosa uitwao "Qongqothwane" ulipelekwa sokoni kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "wimbo wa vidoko". Yeye alizoea kueleza jukwaani kwamba Wazungu waliuita hivyo kwa sababu jina lake halisi liliwashinda kulitamka. Tazameni jambo hili, walimu wenzetu: aliyeshindwa kutamka ndiye aliyeigeuza lugha ya mwenzake kuwa kioja. Nasi twafanya lilo hilo tunapomwiga mbele ya darasa mtoto wa Kiganda aliyeteleza baina ya l na r. Mtoto aliyechekwa leo, kesho hafungui kinywa; na lugha isiyosemwa haifundishiki.

Hoja ya pili ni ya wale wanaodhani kwamba kuutukuza utenzi ni lazima kuudharau wimbo. Na wauchukue wimbo wa "Malaika", ambao Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika sahani yao ya mwaka 1965. Neno malaika lilikuja kutoka Kiarabu, ambako ni la wingi; Kiswahili kikalipokea bila ya kujali, nasi twasema malaika mmoja na malaika wawili. Je, hilo si somo la sarufi? Kijana wa wimbo huo anapenda lakini hana mali ya kuolea. Je, mjadala wa mahari haufai darasani? Tena yupo Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi na kundi la Jambo Boys, na wapo wengine waliodai kuwa ndio watunzi, miongoni mwao Adam Salim wa Tanganyika. Je, haki ya mtunzi si jambo la kumfunza kijana anayetaka kuandika? Somo la juma zima limo katika wimbo mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Sahani hiyo ya mwaka 1965, yenye nyimbo za Kiswahili, Kizulu, Kixhosa na Kisotho, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966 katika fungu la nyimbo za jadi. Wamarekani waliompigia makofi hawakumpa lugha hizo. Yeye ndiye aliyewapelekea. Na mwaka 1968 alipoolewa na Stokely Carmichael, mpigania haki za watu weusi, Marekani hiyo hiyo ikavunja mikataba yake, naye akahamia Guinea. Mtu aliyetupwa na Marekani hawezi kuitwa kitumwa wa Marekani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemavyo methali. Kiswahili kilipona kila mara kilipompokea mgeni, akiwa Mwarabu, Myao, Mmanyema au Mxhosa. Shime basi, walimu! Ipelekeni sauti ya Makeba darasani pamoja na tenzi, si badala yake. Waelezeni wanafunzi miaka yake, safari zake na gharama aliyoilipa kwa kusema kweli. Kisha waacheni waimbe kwa ndimi zao wenyewe, mkisahihisha kwa upole. Lugha ni ya yule aliyejitaabisha kuisema, na kwa kipimo hicho Makeba kwao ni hapa.