Kafi juu ya kochi

Mwandishi wa makala ya kupamba kuta, umetusahau sisi tusio na picha za kutundika. Za kwetu zilikwenda na maji ya El Niño ya 1997. Tulipohamia nyumba yetu ya kwanza hapa Bura, mama mkwe, Mpokomo wa kando ya mto Tana, alituletea kafi la marehemu baba mkwe. Tumelitundika juu ya kochi; mpini bado unang'aa pale alipokuwa akiushika. Pembeni pana jembe la baba yangu, aliyekuja kwenye skimu ya umwagiliaji ya hapa Bura miaka ya 1980 kulima pamba. Limelika hadi limebaki kama kiganja. Mume wangu alitaka kulipaka rangi. Nikamwambia, thubutu! Rafu nayo ni ya mbao za mti wa mathenge. Miiba yake imetuchoma tangu utotoni, sasa na ibebe vikombe.