Waliokosa Kupimwa Hawana Orodha

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, hakuna aliyewakataza wanawake kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Haikuhitajika. Kwetu mwanamke haitwi kupimwa. Hupimwa akifika kliniki kwa shughuli nyingine: uzazi wa mpango, chanjo ya mtoto, dawa za ARV. Muuguzi humuuliza kama amewahi kupimwa, na akiridhia hupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kupata jibu papo hapo. Ni njia rahisi na inaokoa maisha, lakini inamfikia tu aliyefika. Kafyu ikatangazwa, Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa njia, nauli za matatu zikapanda. Waliobaki nyumbani hawakuandikwa popote.

Scotland ilisimamisha upimaji kwa tangazo rasmi Machi hiyohiyo. Ilikuwa hasara, ila majina yalikuwa kwenye rejesta, na kabla ya mwaka kwisha barua za mwaliko zilikuwa zikitumwa tena. Sisi tulifungua milango ya zahanati tukangoja.

Wapo wanaosema ugonjwa huu huenda polepole, kwa hiyo mwaka mmoja si kitu. Ni kweli kwamba tangu kirusi cha HPV kinachoisababisha kiingie mwilini hadi saratani itokee huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Aliyepimwa 2018 akakutwa salama hakupungukiwa na mengi. Ninayemhofia ni mama wa miaka 42 ambaye hajapimwa hata mara moja, ambaye safari ya Aprili 2020 ndiyo ingekuwa ya kwanza. Na zaidi kama anaishi na VVU bila matibabu, kwani kwake miaka hiyo hushuka hadi 5 au 10. Saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 Kenya kila mwaka, wengi wakiwa wamefika hospitali wamechelewa.

Binti zao nao waliguswa. Chanjo ya HPV ilianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, dozi ya pili ikifuata baada ya miezi 6. Hesabu hiyo iliangukia Aprili 2020, shule zimefungwa.

Mwaka huohuo mataifa yaliafikiana katika Shirika la Afya Duniani kwamba kufikia 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Kwa kungoja hatufiki. Tangu 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaosajili kaya kwa simu. Usajili huo ubebe tarehe ya mwisho ya kila mwanamke kupimwa, zahanati ipewe wajibu wa kumfuata aliyepitwa, na anayeona haya au aliye mbali apelekewe kijiti cha kujichukulia sampuli mwenyewe. Kazi hii ianze sasa, kliniki zikiwa wazi.