Nani Alituambia Sonona ni ya Wazungu?

Kaa kwenye kibanda chochote cha chai karibu na steji ya Machakos, utamsikia mtu akisema kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu. Sisi tuna jua, tuna ndugu, tuna kanisa. Mtu mwenye shamba la kulima atapata wapi nafasi ya kuhuzunika miaka nenda miaka rudi? Maneno haya husemwa kwa majivuno, kana kwamba ni hekima ya mababu.

Mababu wasingiziwe mengine. Aliyeyaandika ni J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyekabidhiwa Hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1951 alidai kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida inafanana na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu ambamo alisema Mwafrika ni nadra kupatwa na sonona kwa kuwa, eti, hana mazoea ya kujilaumu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Huyo ndiye babu tunayemnukuu tukinywa chai.

Alijuaje? Aliwatazama waliofikishwa Mathari. Na aliyefikishwa Mathari enzi hizo alikuwa mtu aliyewashinda watu wake: amepiga, amevunja, ameokotwa na polisi. Mama wa Kathiani anayeamka amechoka kila alfajiri, akakamua ng'ombe, akaenda kanisani na kurudi bila chembe ya furaha tangu kitindamimba wake akiwa chekechea, angepelekwa Mathari na nani, kwa kosa gani?

Wagonjwa kama yeye walipotafutwa mahali wanapopatikana, walionekana. Mwaka 1979 David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa kawaida waliofika kwa miguu yao katika kliniki ya mashambani hapa Kenya. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na tatizo la akili, na walikuwa wamekuja kulalamikia maumivu ya mwili. Mwaka huohuo Orley na Wing walitangaza kwamba katika vijiji viwili vya Uganda sonona ilikuwa imeenea kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Hoja ya Carothers ilipaswa kuzikwa hapo.

Haikuzikwa, imebadili nguo. Siku hizi haisemi kwamba ugonjwa haupo. Inasema: "Yule? Ndivyo alivyo." Mkimya, mchungu, mvivu, hapendi watu. Sonona hafifu, ile inayomkalia mtu mzima miaka miwili na zaidi, inajificha vizuri ndani ya kauli hiyo kwa sababu haimlazi kitandani. Anafika kazini. Analipa chama. Ikianza utotoni, hata mwenyewe huamini ndiyo tabia yake, maana hakumbuki siku alizokuwa tofauti.

Kisha huja swali la kijinga kuliko yote: "Kwani amekosa nini?" Tunataka tuonyeshwe sababu moja kubwa, kama matanga au nyumba iliyoungua. Isipopatikana, tunamlaumu yeye. Ilhali ugonjwa huu kwa kawaida hulishwa na mambo mengi madogo yanayokaa muda mrefu. Upo urithi wa ukoo. Upo utoto wa kupigwa, au wa kufiwa mapema. Wakati mwingine ni mwili wenyewe: tezi ya shingo iliyolegea, ambayo kipimo cha damu huionyesha. Ipo pombe, ambayo mwanamume huinywa ili apate nafuu, nayo humzamisha zaidi.

Na upo ugumu usioisha. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walieleza habari za wanawake wa Camberwell, London: waliokuwa hatarini zaidi ni wenye matatizo mazito, watoto wengi wadogo, wasio na kazi nje ya nyumba, waliofiwa na mama mapema, na hasa wasio na mtu wa kumfungulia moyo. Sasa nenda Masinga au Yatta. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mume yuko Mombasa na pesa huja akikumbuka. Karo haisubiri. Tofauti na Camberwell ni ipi, zaidi ya vumbi?

"Lakini tuna ndugu." Tunao, na wengine ndio wanaotudai, ndio wanaogombania mpaka wa shamba. Boma lililojaa watu laweza kukosa hata mmoja wa kuambiwa ukweli. Kikundi cha maombi kinaweza kumpa mama kama yule wa Kathiani mtu wa kumsikiliza, na nimeona kikifanya hivyo. Lakini mhubiri akisema huzuni ni upungufu wa imani, mama hufunga mdomo siku hiyohiyo.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka nyumba kwa nyumba na vipimo vya presha na sukari. Kila wanapofunga mkanda wa presha mkononi mwa mtu, waulize mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejisikia mnyonge, bila matumaini? Na akijibu ndiyo, waulize tangu lini, kisha wasubiri jibu bila kumwambia ajikaze.