Ukigonga bila kuangusha, umekosa

KUNA mchezo wa kulenga shabaha ambao natamani kila straika wa nchi hii autazame walau mara moja. Hauna nyavu, hauna kipa, hauna mshika kibendera. Una bunduki ya kizamani na sanamu za wanyama zilizokatwa kwenye bamba la chuma.

Mchezo wa sanamu hizi ulianzia Mexico, Wamarekani wakaupokea na kuuongezea aina zao. Mojawapo ni hii ya bunduki za wenzo, zile mnazoziona kwenye filamu za makauboi. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma. Unausukuma chini, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Unaurudisha juu, risasi nyingine inaingia. Winchester ya mwaka 1894, aliyoibuni John Browning, ni ya ukoo huo.

Darubini ni marufuku. Unalenga kwa vilengeo vya chuma tu, kimoja nyuma karibu na uso wako, kingine mbele kwenye mdomo wa mtutu. Kulala chini huruhusiwi, unasimama kwa miguu yako miwili. Kuku wako mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150 na kondoo dume mita 200. Wanapangwa watano watano, kila mmoja ana risasi moja, na unaanza wa kushoto kwenda kulia. Ukimwangusha wa tatu wakati zamu ni ya wa pili, huna kitu.

Sheria iliyonigusa zaidi ni hii: risasi ikimgonga kondoo, chuma kikalia uwanja mzima ukasikia, lakini kondoo akabaki amesimama, umekosa. Hakuna nusu pointi ya kugonga mwamba.

Sasa tuje kwetu. Mara ngapi nimeandika ripoti yenye sentensi ileile, "walitawala mchezo lakini walipoteza nafasi za wazi"? Nimeiandika mpaka naona aibu. Kocha akija kwa waandishi anasema bahati haikuwa upande wao. Shabiki akitoka getini anasema straika karogwa, au kahongwa, au hana hadhi ya kuvaa jezi. Wiki ijayo tunarudia.

Mimi nasema bahati na uchawi tuviweke pembeni. Umaliziaji ni kazi ya mazoezi yanayohesabiwa, na hapo ndipo tunapojidanganya.

Nimekaa kwenye mazoezi ya timu nyingi, siitaji hata moja. Picha ni moja. Saa nzima inaliwa na kukimbia na kucheza nusu uwanja. Mwisho, jua likianza kuzama, kocha anasema "haya, mashuti". Mipira sita, foleni ya wachezaji zaidi ya 20, beki wa kati naye yumo. Kila mtu anapiga mara nne au tano, mpira unaenda nje ya ukuta, mnasubiri uokotwe. Nani kahesabu? Hakuna. Nani kaandika kwamba yule kijana wa mguu wa kushoto anakosa kila akipokea pasi kutoka kulia? Hakuna.

Yule wa bunduki ya wenzo ana daftari. Risasi zao ni nzito na hazina kasi kubwa, hivyo zinashuka njiani. Kipimo cha kuku wa mita 50 hakimfai kondoo wa mita 200. Kwa kila umbali anapandisha kilengeo cha nyuma, na kipimo chake amekiandika. Akifika uwanjani habahatishi, anafungua ukurasa.

Halafu kuna suala la macho. Jicho la binadamu haliwezi kuona sawasawa vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Lazima uchague kati ya kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama mwenyewe. Wanaojua wanachagua kilengeo cha mbele, wanamwacha mnyama aonekane kama yuko kwenye ukungu. Anayeanza anafanya kinyume. Anamkodolea kondoo macho, kilengeo kinahama kidogo tu, risasi inapita.

Si ndiyo straika wetu huyo? Amebaki na kipa. Alipaswa kulitazama lango mapema, akachagua kona, kisha macho yarudi kwenye mpira mpaka mguu uguse. Badala yake, sekunde ya mwisho anainua uso kumtazama kipa, na jukwaa, na labda kesho yake magazetini. Mpira unakwenda mawinguni.

Najua mtaniambia bunduki haina beki mgongoni na kondoo wa chuma hakimbii. Kweli kabisa. Lakini penalti nayo haina beki. Mpira umetulia mita 11 kutoka langoni, goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na bado tunapaisha. Kama kitu kilichosimama kinatushinda, tusimlaumu beki.

Kuna jambo la mwisho, na hili linatuhusu sisi wa jukwaani na wa kwenye simu. Katika mchezo huu mpigaji anaruhusiwa kuwa na mtu pembeni mwenye darubini. Kazi yake ni kuangalia risasi ilipotua na kusema: juu kidogo, kulia kidogo. Hatukani. Hataji mama wa mtu. Anasema ukweli kwa maneno machache kwa sababu risasi inayofuata inasubiri.

Sisi tunafanyaje? Kijana wa miaka 19 anapandishwa kutoka timu ya vijana, anakosa mabao mawili ya wazi mechi ya kwanza. Usiku huohuo simu yake inajaa matusi. Mechi ya pili anaogopa kupiga, anatoa pasi pale alipotakiwa kufunga. Mechi ya tatu yuko benchi, dirisha dogo anatolewa kwa mkopo, na klabu inakwenda kumnunua mgeni. Kisha tunauliza kwa nini timu ya taifa haina mshambuliaji.

Mkumbukeni Asamoah Gyan, Julai 2, 2010, Johannesburg. Robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, penalti ya kuipeleka Ghana nusu fainali, ya kwanza kwa Afrika. Akagonga mwamba. Dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua mshindi. Wa kwanza kwenda kupiga kwa Ghana alikuwa nani? Gyan huyohuyo, na akafunga. Ghana ilitolewa, lakini yule mtu aliweza kumwacha kondoo aliyebaki amesimama na kumgeukia anayefuata.

Makocha wetu wakitaka waanze na kitu kisicho na gharama. Daftari la shilingi mia tano na kalamu, nusu saa ya mashuti mwanzoni mwa mazoezi wakati miguu bado ina nguvu, washambuliaji peke yao, kila shuti liandikwe. Baada ya mwezi watajua nani anakosa nini na kwa nini.

Na sisi mashabiki tushike darubini, matusi tuyaache. Kijana akipaisha Jumamosi hii, mwambieni "chini kidogo", kisha mwacheni apige tena.