Hita Iliyozibwa

Gari likifika Muhuta baada ya kutumika miaka kadhaa Japani au Ulaya, fundi wa mtaani hukuta chini ya dashibodi kitu ambacho haoni maana yake. Ni kijirejeta kidogo, ukubwa wa kitabu, chenye mipira miwili: mmoja unaleta maji ya moto kutoka katika injini, mwingine unayarudisha. Nyuma yake iko feni ndogo. Hiyo ndiyo hita. Kando ya Ziwa Tanganyika, ambako joto la mchana hukaribia digrii 30 karibu mwaka mzima, ni nani atakayetaka kuota moto ndani ya gari? Mipira yake ikianza kuvuja, fundi huikata, huunganisha tundu moja na jingine kwa kipande cha bomba, hukaza kwa waya, na mwenye gari hushukuru kwa kupunguziwa gharama. Hufanyika hivyo kwa gari la abiria, kwa pikapu ya samaki, hata kwa gari la kikosi lililokosa spea.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba gari la Muhuta haliishi Muhuta.

Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mlima huanza pale pale ufuko unapokwisha. Huko Gitaza barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge imebanwa kati ya maji na mteremko, kiasi kwamba Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliifunga kabisa. Apelekaye ndagala na mukeke Ijenda hupitia Bujumbura, kisha hupanda mpaka zaidi ya mita 2,000. Atokaye Rumonge na madumu ya mawese kwenda Bururi hupanda mita zaidi ya 1,000 kabla hajapumzika. Na kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Asubuhi dereva aliondoka ziwani na shati jepesi. Usiku wa Juni au Julai yuko juu, akingoja soko lifunguliwe alfajiri, na askari wa zamu yuko karibu naye kwenye kizuizi cha barabara, wote wawili meno yakigongana. Mwenye mawese huijua baridi hiyo bila kipimo: mafuta yaliyotoka Rumonge yakimiminika kama maji hufika juu yakiwa mazito.

Ni vema kwanza kutazama jinsi watu wa nchi za barafu walivyoshindana na jambo hili, kwa maana hita hiyo ndogo ni mtoto wa taabu yao. Huko, mafuta ya injini huwa mazito usiku kama yalivyo mawese, na injini iliyolala nje penye digrii 30 chini ya sifuri haizunguki asubuhi, au huzunguka kwa kujikwaruza yenyewe. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, kampuni ya Stewart-Warner ilianza kuuza hita iliyoitwa South Wind, ambayo ilivuta petroli kidogo kutoka katika kabureta na kuichoma ndani ya kichumba cha chuma, humo humo walimokaa abiria. Iliwahi kupasha joto, lakini kukaa na moto wa petroli karibu na magoti ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Baadaye ukaenea mpango mwingine. Kijiko cha petroli, kilichofungwa ndani ya boneti au chini ya gari, huwaka peke yake kabla injini haijawashwa. Moto wake haugusi chumba cha abiria. Hupasha yale maji ya rejeta tu. Pampu ndogo ya umeme huyazungusha maji, yakapasha injini kwanza, kisha yakapita katika hita ya dashibodi na kuwapasha watu. Kampuni za Kijerumani za Webasto na Eberspächer ndizo zinazojulikana sana kwa vyombo hivyo. Kijiko cha gari dogo hunywa takriban nusu lita ya mafuta kwa saa. Malori ya kijeshi ya Kisovieti aina ya GAZ-66 na ZIL-131, ambayo injini zake ni za petroli, yalitoka kiwandani na kijiko cha namna hiyo. Hewa yake ya moto ilielekezwa hata chini ya karta ili mafuta ya injini yalainike. Wako jamaa wa Afrika Mashariki waliohamia Kanada na nchi za Skandinavia ambao leo wanavijua vyombo hivi, au ndugu zao wa umeme, kuliko fundi yeyote wa Rumonge.

Hapana haja ya kununua kijiko hicho Muhuta, kingekuwa kichekesho. Linalofaa kuchukuliwa kwao ni busara iliyomo: moto ubaki nje, na maji yabebe joto kuwapelekea watu. Kwa sababu moto wowote, wa petroli au wa makaa, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi anaoudhania kuwa ni wa uchovu. Maji ya moto hayatoi hewa hiyo hata kidogo. Tofauti hiyo ilionekana katika Volkswagen zile za zamani zenye mgongo wa duara. Injini yake haikuwa na maji. Ilipozwa kwa upepo, na joto la abiria lilitokana na hewa iliyopitishwa kandokando ya mabomba ya moshi. Kutu ikitoboa bomba, moshi uliingia ndani pamoja na joto.

Sasa arudiwe yule dereva wa Ijenda. Hita yake ilizibwa ziwani. Usiku, madirisha yakiwa yamefungwa, hutafuta njia nyingine: huomba makaa katika kopo kwa mama muuza chai, au huliacha gari linguruma ili injini impe joto kupitia sakafu, ilhali bomba la moshi limetoboka. Njia zote mbili zaweza kumwua, na asubuhi watu wakasema kuwa ni baridi. Hatari ni ile ile kwa jamaa ya askari aliyehamishiwa milimani kutoka Rumonge. Mama aliyezoea kupikia uani huingiza jiko la makaa chumbani ili watoto wapate joto, huziba upenyo wa mlango kwa kitambaa, na kulala. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu, kwa kuwa makaa yanayofifia ndiyo yenye kutoa hewa hiyo kwa wingi. Aliyekwisha lewa nayo atolewe nje upesi, apelekwe hospitali, na asiachwe alale kwa kudhaniwa kuwa atapata nafuu.

Hita ya maji, basi, ndiyo joto salama alilokuwa nalo dereva, na aliliuza kwa bei ya mpira mmoja. Hata hivyo injini isinguruma ndani ya banda lililofungwa, wala gari lenye bomba bovu lisifanywe chumba cha kulala.

Kazi ya pili ya hita huonekana mchana, njiani kupanda, na hapa madereva wengi wa ziwani hushangaa. Karibu theluthi ya joto la mafuta yanayoungua katika injini huchukuliwa na maji, nayo rejeta huwa na wajibu wa kulitupa nje. Gari lililopakia kupita kiasi, likipanda kwa gia ya kwanza na upepo ukivuma kutoka nyuma, hushindwa kulitupa lote. Mshale hupanda kuelekea pekundu. Hapo hita huwa rejeta ya pili. Dereva akifungua madirisha, akavuta mkono wa hita mpaka mwisho na kuwasha feni yake, sehemu ya joto hutokea ndani ya gari badala ya kubaki katika injini. Miguu itaungua kidogo na abiria watalalamika. Lakini mshale mara nyingi hurudi, na gasketi ya silinda hedi huokoka. Mshale usiporudi, asimame kando palipo salama.

Kuna neno la elimu hapa lisilosemwa mara nyingi gereji. Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Ufukweni mwa Tanganyika huchemka kwa takriban digrii 97. Juu, penye mita 2,200, kwa takriban 93. Yaani pale injini inapotaabika zaidi, ndipo maji yanapokuwa mepesi zaidi kuchemka. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa springi na mpira wake hushika kani ndani na kusukuma kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 au zaidi. Mpira wa kifuniko ukipasuka, au kifuniko kikibadilishwa kwa kitambaa na kizibo cha mti kama ionekanavyo mara nyingine, kinga hiyo hupotea, na dereva huilaumu injini.

Kani hiyo hiyo ndiyo inayoumiza. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji yaliyozuiwa hugeuka mvuke ghafula na kuruka usoni mwa afunguaye. Mara nyingi huyo ni utingo, kijana wa miaka kumi na kitu aliyetumwa kwa sababu mkubwa wake anajua hatari. Hapana budi kungoja walau nusu saa, mpaka mpira wa juu ubonyeke mkononi, na kisha kufungua polepole kwa kitambaa kinene, uso umegeuzwa pembeni. Wala maji baridi yasimwagwe kwa haraka katika injini iliyochemka, kwa kuwa chuma hupasuka. Aliyeungua atolewe nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, sehemu ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na apelekwe zahanati. Mawese yasipakwe, wala dawa ya meno. Hayo ni mazoea ya nyumbani ambayo huzidisha kidonda.

Na maji yenyewe? Hapa ziwa lililo mlangoni huwadanganya watu. Maji ya Tanganyika ni mazuri kwa macho, lakini yamebeba chumvichumvi na madini mengi. Yakichemka tena na tena huacha chokaa katika vijibomba. Rejeta huziba polepole, na hita, yenye vijibomba vyembamba zaidi, huziba mbele yake. Maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi chini ya paa ni bora mara nyingi. Nyumba yenye gari yafaa itenge dumu moja la maji hayo, na watoto waambiwe kuwa ni la gari. Penye uwezo, ile dawa ya kuzuia kuganda itiwe pia; hapa hakuna barafu, lakini dawa hiyo huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

Fundi aliyeziba hita mara nyingi hutoa pia thamostati, kile kizibo ambacho huyazuia maji yasiende katika rejeta mpaka yafike digrii 80 na kitu. Husema kuwa nchi ya joto haihitaji. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata joto, hasa juu mlimani na wakati wa kuteremka, hula mafuta zaidi, na hita yake hutoa uvuguvugu usiomfaa mtu. Katika miaka ya 2022 hadi 2025, ambapo esansi ilikosekana Burundi kiasi cha magari kupanga foleni kwa siku kadhaa, kupoteza mafuta kwa ajili ya kizibo kidogo lilikuwa ni jambo la kusikitisha.

Uhaba huo ulileta mtindo mwingine majumbani: madumu ya esansi chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa jiko. Vile vijiko vya magari ya kaskazini huwaka katika baridi kali kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto hata penye digrii 40 chini ya sifuri. Basi katika chumba cha Muhuta chenye digrii 28, dumu lisilozibwa vema hutoa mvuke usiku na mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautafuti dirisha, hutambaa sakafuni mpaka ulikute jiko au mshumaa. Dumu liwekwe nje, kivulini, chini ya kufuli, mbali na nyumba, na lisiwe lile lile linalofanana na la mawese.

Aliyekwisha ziba hita yake hajachelewa. Mipira miwili na vibanio vinne vyatosha kuirudisha, baada ya kupitisha maji safi katika kijirejeta mpaka yatoke meupe. Kisha mara moja kwa mwezi, hata kama joto la Muhuta linakataza, mkono wa hita uvutwe mpaka mwisho kwa dakika tano injini ikiwa ya moto, ili vali yake isishikwe na kutu kabla ya safari ya Ijenda.