Usiachie Kompyuta Ikate Kiapo cha Bibi Harusi

Wapiga video wa harusi na mazishi, leo ni nyinyi. Najua mtakasirika, lakini someni mpaka mwisho ndio mje kunitukana.

Shida yangu ni moja tu. Unachukua pesa ya mteja, unapiga video kutoka asubuhi hadi jioni, unahariri wiki mbili, unaweka muziki, unarembesha menyu. Halafu ukifika hatua ya kuchoma ile diski ya matabaka mawili, unabonyeza sawa, sawa, sawa, unaenda kunywa chai. Kompyuta ndio inabaki kuamua video itakwama wapi. Na itakwama, bana.

Kwa wale hawajui: DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Ya matabaka mawili inabeba GB 8.5. Leza inasoma tabaka la kwanza ikitoka katikati ya diski kuelekea ukingoni. Likiisha, inabidi ilenge upya, iingie tabaka la pili, na ianze kurudi kutoka ukingoni hadi katikati. Hapo pa kulenga upya ndipo deki nyingi hukwama kidogo: picha inaganda, sauti inakatika, kisha mambo yanaendelea. Huwezi kuifanya leza isilenge upya. Lakini kuchagua ni wapi kwenye video itafanya hivyo, hiyo unaweza, na ni kazi yako.

Mtu ataniambia ni kitu cha sekunde moja, mbona nalia? Ngoja nikuambie. Kwetu kuna diski ya mazishi ya shosho. Kila Disemba familia ikikutana, lazima iwekwe. Mama mkubwa anasimama kusoma wasifu, anafika pale pa kutaja watoto waliotangulia mbele ya haki, anataja jina la kwanza, anavuta pumzi, anaanza la pili... picha inaganda. Kila mwaka, pale pale. Siku hizi watoto wadogo washajua inakuja. Wanaanza kucheka hata kabla haijafika. Jina la mtu aliyekufa limegeuzwa kichekesho, na aliyechoma hiyo diski alilipwa pesa yake yote.

Sasa tuje kwa visingizio.

Cha kwanza: "DVD ilikufa kitambo." Sawa, basi iondoe kwa orodha yako ya bei. Kama bado unaiuza, ichome vizuri. Na usijifanye hujui nani ananunua. Ni wazazi walio na deki na runinga, lakini hawana bando la kuangalia masaa matatu ya harusi kwa simu. Flashi nayo tunajua mwisho wake: inaazimwa, inawekwa nyimbo, inafutwa. Diski iliyochomwa mara moja haiwezi kuandikwa kitu kingine juu yake. Ndio maana mama anaifungia kwa kabati pamoja na vyeti.

Cha pili: "Deki za siku hizi hazionyeshi." Kuna zingine kweli, zina kumbukumbu ya kutosha kuziba hilo pengo. Lakini wewe ndiye utaenda kumnunulia mteja deki? Diski itazunguka kwa majirani, kwa shangazi, kwa kijiji kizima. Choma ukifikiria ile deki mbaya kuliko zote.

Cha tatu: "Mimi hubana kila kitu kiingie GB 4.7." Hesabu basi. Video ya masaa manne ukiibana kwa GB 4.7, unabaki na kama megabiti 2.6 kwa sekunde, picha na sauti zikigawana. Kwa GB 8.5 unapata karibu 4.7. Huo umati ukicheza na nguo za rangi kumi, kwa ile ya kwanza utaona vibokisi badala ya nyuso. Umekwepa sekunde moja ya kukwama, ukaharibu masaa manne.

Cha nne: "Nagawanya kwa diski mbili." Huyu namheshimu. Lakini sikia: ukigawanya kwa diski mbili, unaweza kumaliza ya kwanza katikati ya kiapo? Hapana. Unatafuta mahali pazuri, kanisani pakiisha, kabla ya ukumbini. Kumbe akili hiyo unayo! Mbona inapotea ukishika diski ya matabaka mawili?

Na si hesabu ya chuo kikuu. Sheria ni tatu. Moja, tabaka la kwanza halifai kuwa dogo kuliko la pili, kwa hivyo mahali pa kubadilisha ni nusu ya data au mbele kidogo. Mbili, tabaka la kwanza linabeba takriban GB 4.27 tu, hivyo huwezi kuvuka hapo. Tatu, kwa DVD ya video, badiliko linafaa kuangukia mwanzo wa seli, na kila sura unayoweka huanza na seli mpya.

Chukua harusi ya masaa matatu yenye GB 7.2. Nusu ni GB 3.6. Kama data imesambaa sawasawa, hiyo ni dakika ya 90. GB 4.27 inafika karibu dakika ya 106. Una dirisha la dakika kama 16. Ndani yake tafuta mahali ambapo hata watu waliokuwa pale walipumzika: kwaya imekaa na pasta hajasimama, au msafara umetoka kanisani na haujafika ukumbini. Weka sura hapo. Mwisho wa sehemu inayotangulia, zima picha polepole iwe giza, nyamazisha sauti sekunde mbili. Deki ikikwama hapo, mtazamaji atadhani umekusudia.

Ukijaza diski hadi GB 8.5, hilo dirisha linakufa, unabaki na katikati tu. Kwa hivyo acha nafasi. Wakati wa kuchoma, programu kama ImgBurn hukuletea orodha ya seli unazoweza kuchagua. Isome. Chagua ile uliyoitayarisha, usikubali tu ile imewekewa alama. Ukimaliza, iweke kwa deki ya zamani uangalie hapo pekee. Jumla ni dakika ngapi? Hata chai yako haijapoa.

Kinachoniudhi si hiyo sekunde. Ni ile tabia ya kusema kazi imeisha kwa sababu kompyuta imesema imeisha. Kompyuta inajua data imefika nusu. Haijui kwamba hapo ndipo baba mzazi, mtu ambaye hajawahi kulia mbele ya watu, ameshika maikrofoni na sauti imeanza kumtetemeka. Wewe ulikuwa hapo, na kamera yako ilikuwa usoni mwake.

Na nyinyi mnaopanga harusi, kabla hamjamaliza kulipa, muulizeni mpiga video wenu swali moja: tabaka linabadilika wapi? Anayejua kazi atakujibu mara moja, "pale mkitoka kanisani." Akianza kukuangalia kama umeongea Kichina, usimalizie hiyo pesa. Mwambie arudi akachague.