Chuma Mguuni, Subira Moyoni
Majeruhi wengi wa bodaboda wa Mbagala na Bunju huanzia hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, kisha waliovunjika vibaya hupewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 1996. Ndugu zangu, jiandaeni: mgonjwa atapigwa eksirei, atapimwa damu na kukatazwa kula kabla ya upasuaji. Akishawekewa chuma, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mfupa wa muundi huchukua miezi kuunga, na kukunja goti kutauma. Hata hivyo mazoezi ni tiba, msiyakwepe kwa kukimbilia kukandwa mtaani. Kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, rudini hospitali siku hiyohiyo. Nasi wenye afya tuchangie damu na tukate bima mapema, ajali haipigi hodi.